Mhanga Aliyeuliza "Ila Nini?"

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Nasema, paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walikuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na kijiji kisicho na mto wala chemchemi. Kilikuwa na lambo tu. Wazee wa kijiji walibeba udongo vichwani kiangazi kizima, wakaushindilia kwa miguu yao na kwa kwato za ng'ombe, mpaka likasimama tuta refu la kuzuia maji ya mvua. Nyuma ya tuta, maji. Chini ya tuta, nyumba na mashamba. Tuta likishika, watu wanakunywa maji. Tuta likiachia, maji yanawanywa watu.

Mlinzi wa lambo alikuwa Milembe, mjane asiye na mtoto. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Ndaki, pamoja na jembe na kibanda kimoja pembeni mwa tuta, mbali na nyumba za watu. Kila asubuhi alilitembea tuta toka mwisho hadi mwisho. Akiona shimo la panya, analiziba. Akiona mche wa mti, anaung'oa, maana mzizi ndani ya tuta ni mlango wa maji. Akikuta magugu yameziba mfereji wa pembeni, ule wa kupunguzia maji yakizidi, anauzibua. Kisha anashuka chini kutazama panapovuja. Ndaki alikuwa akimwambia, "Mke wangu, maji meupe ni jasho la lambo, usihangaike. Maji mekundu ni damu yake. Ukiyaona, usisimame hata kufunga kanga."

Sasa, watu wa kijiji kile walikuwa na adabu. Adabu mpaka basi! Hakuna aliyepita lamboni bila kusalimu, na salamu ilikuwa moja: "Lambo halijambo?" Jibu nalo lilikuwa moja: "Halijambo." Hata uwe na msiba ndani, kwanza unajibu halijambo, ndipo unasema ila. Msicheke. Jana tu mmoja wenu alikuja kwangu jino limemvimbisha shavu, namuuliza hujambo, ananiambia sijambo.

Ubaya wao ni kwamba walikuwa na haraka.

Alipita Jilala na ng'ombe wake. "Mama, lambo halijambo?"

"Halijambo, ila ng'ombe wako wanabomoa..."

Jilala keshapita.

Alipita Mama Mhoja na mtungi wake. "Dada, lambo halijambo?"

"Halijambo, ila mfereji umenishinda peke yangu..."

Mama Mhoja keshapita.

Alipita jumbe wa kijiji, Luhende mwenyewe, na bakora yake. "Shemeji, lambo halijambo?"

"Halijambo, ila tangu mwezi uandame sijakaa na mtu..."

Jumbe keshapita.

Milembe alikuwa mpweke, jamani. Alifika mahali akawa analisimulia jembe habari za siku, na jembe, kwa kuwa ni jembe, halikusema kitu.

Jioni moja ya kiangazi akaja mhanga, yule mnyama wa masikio marefu na kucha za kuchimbia.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Lambo halijambo?"

"Halijambo, ila..." Milembe akanyamaza, akingoja mhanga apite zake.

Mhanga hakupita. Alikaa kitako, akasimamisha masikio. "Ila nini?"

Tangu Ndaki azikwe hakuna aliyemuuliza hivyo. Milembe alilia kwanza. Halafu akasema, na akasema, mpaka jua likazama na uji ukaganda chunguni.

Kesho yake mhanga alikuja na ombi. "Mama, ardhi yote imekauka, inanivunja kucha. Udongo wa tuta lako una ubaridi, tena una mchwa wa kutosha. Niruhusu niingize kichwa tu."

Msiniambie hakujua. Alijua! Mke wa Ndaki asijue maana ya shimo ndani ya tuta? Lakini alifikiria jioni itakayokuja, na jioni ya pili, na ya tatu.

"Kichwa tu?"

"Kichwa tu, mama."

Mwezi wa pili mhanga akasema kichwa kimepoa lakini mgongo unaungua. Akaingiza mgongo. Mwezi wa tatu akasema mgongo umepoa lakini mkia umebaki nje kama wa mwizi. Akaingiza mkia. Na kila jioni alitoka na vumbi puani, akakaa, akauliza, "Ila nini?" Milembe akawa anaziba mashimo yote ya tuta isipokuwa moja.

Mvua zilipokuja, zilikuja na hasira. Lambo likajaa pomoni. Siku ya kwanza Milembe alishuka chini ya tuta, akakuta maji meupe. "Jasho," akasema. Siku ya pili maji meupe, lakini mengi. "Jasho jingi," akasema. Siku ya tatu akakuta maji mekundu kama uji wa mtama.

"Mhanga! Toka! Lambo linatoka damu!"

Mhanga akatoka, mgongo umelowa. Akalitazama shimo, akamtazama Milembe. "Natoka, mama. Ila..."

Milembe keshapita. Alikuwa anakimbilia kijijini, kanga mkononi.

Akakutana na Jilala. "Mama, lambo halijambo?"

"Halijambo, ila..."

Jilala huyo, keshapita! Ona mdomo ulivyozoea kumsaliti mwenyewe.

Akakutana na Mama Mhoja anaokota kuni. "Dada, lambo halijambo?"

Milembe akauma ulimi, lakini ulimi hauna mfupa. "Halijambo, ila damu..."

"Afadhali," akasema Mama Mhoja, akainamia kuni zake.

Akafika kwa jumbe Luhende, akamkuta barazani anakula. "Shemeji, lambo halijambo?"

Milembe akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akangoja mpaka lile jibu la adabu likarudi tumboni. Kisha akaachia kwa sauti ya kumwamsha maiti:

"Lambo lina jambo!"

Tangu kijiji kianze hakuna aliyewahi kusikia jibu hilo. Tonge likamdondoka jumbe. Huko njiani Jilala akasimama, na ng'ombe wake wakasimama.

"Umesemaje?"

"Lina jambo! Lina jambo! Lina jambo!"

Basi, kijiji kizima kikapanda na majembe na vikapu. Wengine wakaupanua mfereji wa pembeni ili maji yapungue. Wengine wakaingia majini, wakatafuta kwa nyayo mahali maji yanapovuta, wakapashindilia udongo wa mfinyanzi. Kule chini palipotoka damu, Jilala alitaka kupaziba kwa bonge la udongo, Milembe akamshika mkono. "Usizibe! Ukiziba hapa yatatokea kwingine. Mwageni mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki."

Alasiri maji yakatoka meupe. Nyumba zilikuwa zimesimama, mashamba yamesimama, na watu wameketi kwenye matope wakihema.

Jumbe Luhende akachungulia lile shimo. "Hili si la panya."

"Ni la mhanga," akasema Milembe.

"Na wewe mlinzi hukuliona?"

"Niliona. Mimi ndiye niliyempa ruhusa."

Watu wakaguna. "Kwa nini, shemeji?" akauliza jumbe. "Ungetuua sote!"

Milembe aliwatazama mmoja mmoja. "Alikuwa ananiuliza ila nini."

Hakuna aliyecheka. Mama Mhoja aliinamisha kichwa, akawa anakwangua matope miguuni kwa kijiti.

Hawakumfukuza kazi. Kwa juma zima kila aliyepita lamboni alisimama akauliza, "Ila nini?" kama mtoto anayekariri, mguu mmoja uko mbele tayari. Kisha palizi ikaanza. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na mashamba.

Mhanga hakuonekana tena. Jioni zingine Milembe alisimama ukingoni mwa vichaka akaita, "Ila nini, mhanga? Ulitaka kuniambia nini?" Vichaka vikabaki vichaka.

Tangu hapo Milembe analitembea tuta mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, akiinama kila hatua kutafuta shimo. Watu wanamsifu, wanasema hajapata kutokea mlinzi makini kama yule. Na kweli tuta ni zima, halina hata tundu la panya. Akifika mwisho bila kuliona shimo, anamshukuru Mungu kwa ajili ya kijiji. Kisha anakaa chini, pale pale mwisho wa tuta, na inamchukua muda mrefu kuinuka.

Hadithi yangu imeishia hapo alipokaa. Mwenye kuuliza na aulize, mimi sina haraka.