Gurudumu la Herufi

Wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Mama pale nyuma, usitoke na mtoto, mwache alie, hanisumbui. Nataka kuwasimulia habari ya fundi mmoja. Msihangaike kuulizana ni nani, maana nimemtunga mwenyewe, ingawa nikimaliza huenda wengine mkadhani mnamfahamu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mashine za kusaga, katika mji mdogo chini ya milima, kule ambako mwezi wa saba watu huota moto hata mchana. Mashine ikigoma popote, aliitwa yeye. Watu walisema ana kipaji. Yeye alikataa. Alisema, "Mimi sina kipaji. Mimi nina utaratibu."

Na kweli alikuwa nao. Kwenye ukuta wa karakana yake, nyuma ya nyumba, alikuwa ameandika kwa chokaa maswali manne. Niondoe nini? Nigeuze nini? Niunganishe nini na nini? Nani mwingine amewahi kupata shida kama hii, hata kama kazi yake si kama yangu? Kila asubuhi alichukua daftari, akaandika shida moja juu ya ukurasa, akaipitisha kwenye maswali yale mpaka apate majibu ishirini. Kumi na tisa hayakumtosha. Na alijikataza kucheka jibu lolote kabla ya kufika la ishirini, kwa sababu majibu matano ya kwanza, alisema, ni yale ambayo kila mtu anayo, na lile linaloonekana la kipuuzi mara nyingi ndilo linaloonyesha njia.

Nitawapa mfano. Mashine moja ilikuwa inatimua vumbi la unga mpaka wasagaji wanakohoa. Mafundi wengine walizibaziba matundu kwa matambara. Yeye akauliza, nani mwingine ana shida ya vumbi? Akawakumbuka akina mama wanaopepeta mchele, jinsi wanavyotazama kwanza upepo unatoka wapi. Akaizungusha mashine nzima, mdomo ukaelekea upepo unakokwenda. Basi. Kazi ya saa moja. Mnaona? Hakungoja wazo lishuke kutoka juu. Alilifuata mpaka akalipata.

Sasa, mwezi wa kumi na moja, mke wake alianguka. Alikuwa jikoni anachagua maharage, ungo ukamtoka mikononi, na yeye akafuata. Kiharusi. Hospitali walimtibu, akarudi nyumbani akiwa mzima wa akili, lakini mkono wa kulia haufanyi kazi, wa kushoto hauna nguvu ya kushika kalamu, mguu mmoja tu ndio uliobaki mzima. Na maneno yakakatika. Akijaribu kusema, ilitoka sauti moja isiyo na umbo, na yeye mwenyewe akiisikia alifumba macho kwa aibu. Akaacha kujaribu.

Mtoto wao mmoja tu, Namsifu, alikuwa ameolewa mbali. Alikuja, akakaa wiki tatu, akalia, akarudi kwa watoto wake. Wakabaki wawili.

Fundi alifanya nini? Alichukua daftari lake.

Siku ya kwanza aliandika: "Mama Namsifu hawezi kula mwenyewe." Majibu ishirini. Akatengeneza kijiko chenye mpini uliopinda, mnene kama gunzi la mahindi, akakifunga kwenye mkono wa kushoto wa mkewe. Akala! Siku nyingine: "Mama Namsifu anateleza kitini." Akashona mkanda kutoka kwenye mikanda chakavu ya mashine. Alipoona mwanga wa jua unamchoma usoni mchana, alitengeneza pazia la mabua linalovutwa kwa kamba. Majirani walikuja kutazama, wakamshika mkono wakasema, "Baba Namsifu, wanaume kama wewe wameisha." Wakakitazama kijiko, wakaligeuzageuza pazia, wakaenda zao. Wengi wao walimpungia mama mkono wakiwa mlangoni.

Halafu akatengeneza kengele. Kamba ilitoka kwenye kitanda, ikapita dirishani, ikafika karakana. Mama akivuta kwa vidole vya kushoto, kengele inalia, fundi anakuja mbio.

Alikuja mbio kweli. "Maji?" Mama anatikisa kichwa. "Unataka kujisaidia?" Anatikisa kichwa. "Unasikia baridi? Unaumwa? Mto umekaa vibaya?" Hapana, hapana, hapana. Fundi anasimama pale na mafuta ya mashine mikononi, anamtazama, mama anamtazama. Mwishowe anasema, "Basi, ukihitaji kitu, nivute." Anarudi kazini.

Ikawa hivyo mara nne, mara tano kwa siku. Kengele inalia, fundi anakuja, hakuna shida. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Fundi alifungua daftari akaandika: "Kengele inalia bila sababu." Akaipitisha kwenye maswali yake, akapata majibu ishirini, akachagua la kumi na saba. Aliweka springi nzito zaidi, ili kamba isivutike kwa bahati mbaya.

Mmesikia alichofanya?

Tangu siku hiyo kengele ililia mara chache sana. Ilihitaji nguvu ambazo mama hakuwa nazo kila siku. Fundi akaandika pembeni ya ukurasa: "Imekubali."

Nyumba ikatulia. Mnajua utulivu ule wa nyumba ambayo zamani ilikuwa na watu wawili wanaobishana kuhusu chumvi? Fundi alikuwa anakula akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, haraka, kama mtu anayewahi basi. Hakuweza kukaa katika kile chumba. Mwanzoni alijaribu kuongea na mkewe, lakini kila alichosema kilikwenda hakikurudi, na kukaa mbele ya mtu uliyemzoea miaka thelathini na moja, ukaongea peke yako, ilimshinda. Akaanza kumsemesha kwa maneno ya kazi tu. Geuka. Fungua mdomo. Haya. Karakana ndiko alikopumua. Huko aliongea na ukuta wake, na ukuta uliuliza maswali, na maswali yalikuwa na majibu. Na mama, upande wa pili, alisikiliza nyundo. Akajifunza kujua saa kwa nyundo.

Sifa zake zikafika kanisani kwao. Vijana wakamwomba aje Jumamosi awafundishe namna ya kufikiri. Akamlaza mke wake vizuri, akafunga mlango, akaenda. Alifundisha vizuri mno. Aliwapa vijana kikombe kilichovunjika mkono, akawaambia hatoki mtu mpaka yapatikane majibu ishirini, na vijana ambao huwa hawaongei wakaongea. Mwishoni binti mmoja akanyoosha mkono.

"Fundi, na mama mwenyewe anasemaje kuhusu hivi vitu vyote ulivyomtengenezea?"

"Mama hasemi, mwanangu."

"Nimesikia hasemi. Nauliza, angesema nini?"

Fundi akaokota kile kikombe kilichovunjika, akaaga. Alirudi nyumbani akitembea polepole. Kesho yake akaandika juu ya ukurasa: "Mama Namsifu ana neno, na mimi silijui."

Shida hii ilimchukua miezi. Mama alikuwa anajua kusoma, alikuwa mtu wa kitabu cha nyimbo. Fundi alichora ubao wa herufi. Mkono wa mama ukashindwa kuzifikia. Akatengeneza fimbo ya kushika mdomoni, ikamtapisha. Alipofika swali la pili, nigeuze nini, akakaa nalo wiki nzima. Ndipo likaja. Mkono hauwezi kwenda kwenye herufi. Je, herufi zikija kwake?

Alichukua gurudumu la baiskeli. Akakata bati la kopo la rangi vipande ishirini na vinne, akaandika herufi kila kipande, akavifunga kuzunguka gurudumu. Akachukua pedali ya cherehani kuukuu, akaiunga na meno ya baiskeli, ili mama akikanyaga mara moja kwa ule mguu mzima, gurudumu lisogee herufi moja tu. Juu akaweka mshale wa waya. Ukiona herufi unayoitaka iko kwenye mshale, unaacha kukanyaga. Basi, hiyo ndiyo herufi yako.

Ilikuwa mwezi wa saba, saa tisa alasiri, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Fundi akaleta gurudumu chumbani, akaliweka mbele ya kitanda, akamkalisha mkewe, akaupandisha mguu wake juu ya pedali. Akasema, "Mama Namsifu. Sema."

Mama alilitazama gurudumu. Kisha akakanyaga. Mara kumi. Likasimama kwenye K.

Akapumzika. Akakanyaga tena, mara kumi na nne. A.

Jasho lilikuwa limemtoka, katika baridi ile. Akakanyaga tena, na fundi akaona ile A inaondoka, zinapita herufi zote, mzunguko mzima, mara ishirini na nne, mpaka ikarudi palepale. A. Mguu ukatulia.

"Kaa!" fundi akapiga kelele. "Kaa la moto! Unasikia baridi! Mke wangu, miezi yote hii unasikia baridi na mimi sikujua!"

Na akatoka mbio. Nyuma yake gurudumu likaanza kulia tena, tik, tik, tik, lakini yeye alikuwa ameshafika jikoni, anapepea makaa kwa mfuniko wa sufuria, machozi yanamtoka kwa furaha. Akarudi na jiko limewaka, akaliweka karibu na miguu ya mkewe, akajifuta mikono, akamtazama.

Mama alikuwa analia. Akatikisa kichwa. Akaanza upya. K. A. A. Fundi akanyoosha kidole kwenye jiko, "Lipo hapa, mke wangu," lakini mguu haukusimama. C. H. I. N. I.

Kaa chini.

Wapendwa, miezi minane. Kengele zote zile. Maji hapana, mto hapana, baridi hapana.

Fundi akavuta kigoda akakaa. Magoti yake yalikuwa yanagusa magoti ya mkewe. Gurudumu likazunguka tena, muda mrefu, na alikuwa hana la kufanya ila kungoja. N. I. A. M. B. I. E.

"Nikuambie nini?"

L. O. L. O. T. E.

Na yule mtu wa majibu ishirini, yule ambaye vijana walimsikiliza midomo wazi, akatafuta neno moja la kumwambia mke wake, akalikosa. Makaa yakaanza kufifia. Hatimaye akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa, "Yule mbuzi wa jirani... yule mweupe. Asubuhi ameingia karakana, amekula kurasa mbili za daftari langu."

Na upande mmoja wa mdomo wa mama, ule mzima, ukapanda juu.

Msinielewe vibaya. Sisemi fundi alikosea kufikiri. Bila gurudumu lile yule mama angekufa na neno lake kifuani. Akili ni zawadi ya Mungu, na ninyi vijana ninataka mkaandike maswali yenu ukutani, mkatafute majibu ishirini, msikubali kuambiwa kwamba mawazo mapya ni ya watu waliozaliwa nayo. Lakini niambieni, kati ya maswali yale manne, ni lipi aliloulizwa mama? Alikuwa shida juu ya ukurasa. Kila siku alikuwa shida juu ya ukurasa. Alipovuta kamba kumwita mumewe, kamba ndiyo iliyoonekana ina kasoro.

Sisi je? Baba yako mzee kule kijijini umemnunulia simu, umemwekea taa ya sola, umempelekea kijana wa kumchotea maji, na unashangaa kwa nini anapiga simu kila siku kusema hakuna jambo. Mara ya mwisho kukaa naye, bila kutazama saa, ilikuwa lini? Mwanao ameacha kukusumbua, ukashukuru ametulia. Una hakika ametulia? Au springi imekuwa nzito? Kanisa hili lina kamati ya wajane, ina ratiba, ina katibu. Nani kati yetu anajua mjane yeyote anachekeshwa na nini?

Tunakimbia. Tunakimbia kwa upendo, sikatai, na mikononi tumebeba vitu vizuri. Ila tunakimbia kwa sababu kukaa kunatuogopesha. Ukikaa utaona ulivyompoteza mtu akiwa bado hai, na hilo halina kifaa. Anza hapo. Mawazo yatakuja, na yatakuwa bora, kwa sababu yatakuwa yamemjua mtu.

Nami nimalize kwa kukiri. Juzi na jana nilijifungia ofisini kuandaa maneno haya haya mnayoyasikia. Mama mchungaji aligonga mlango mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu, "Ngoja kwanza, naandaa neno la Jumapili." Hakugonga tena. Yuko pale, safu ya tatu, mwenye kitenge cha kijani, na mpaka dakika hii sijui alitaka kuniambia nini.

Mzee wa zamu atasoma matangazo. Mimi nashuka.