Marufuku ya Ng'ombe Tutani

Tuta la bwawa la Igunda lilizeeka hata likaanza kutoka jasho kama bwana harusi. Watu walilijaza udongo mpya wa mfinyanzi, lakini ulihitaji kushindiliwa kabla ya mvua, na mtambo wa kushindilia haukuwapo mjini.

Nyanzobe, mlinzi wa bwawa, akaenda kumwomba msaada Malongo, tajiri mwenye ng'ombe mia tatu.

"Msaada?" Malongo akacheka. "Nipeni bwawa lote liwe langu, ndipo tuongee."

Kesho yake Nyanzobe akaziba njia ya tutani kwa miiba, akatangaza sokoni kwamba ng'ombe wa Malongo ni marufuku kukanyaga pale.

Malongo akaja mbio, tumbo likimtangulia. "Nani wa kunikataza mimi?"

"Ni mimi, mzee. Nakuomba, usiwapitishe hapa. Hasa pale katikati, penye udongo laini. Moyo wangu utapasuka!"

"Basi na upasuke!"

Akaitupa miiba, akawaswaga ng'ombe kwenda na kurudi, siku tatu mfululizo. Nyanzobe alikaa juu ya jiwe akilia kwa sauti.

"Jamani, wasifike kule mwisho!"

Wakafikishwa.

Siku ya nne akafuta machozi, akachukua mchi wa kutwangia, akaupiga udongo. Mchi ukadunda kama umegonga sakafu.

"Ahsante, mzee," akasema. "Hata mtambo usingeshindilia hivi. Sasa wapeleke ng'ombe wakapumzike, maana kuanzia leo marufuku ni ya kweli."