Nyonga Iliyogoma Kuvunjika

Kabla hujaanza kujisifia leo, soma hii kwanza, halafu mpelekee na yule ndugu yako mwenye majigambo. Unamjua.

Tunu alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, akijifunza kubuni nyonga bandia za kuwekewa wagonjwa. Nyonga hizo zina matundu matundu kama sifongo, zimesukwa kwa vijiti vyembamba vya chuma ili mfupa upate pa kuotea. Kabla ya kuitengeneza, unaichora kwenye kompyuta, kisha unaigiza kuigandamiza humo humo uone itahimili uzito gani.

Mwalimu wao, Dokta Kihwelo, alitangaza kwamba kwenye kikundi cha kutengeneza nyonga halisi kuna nafasi moja tu. Tunu aliitaka kufa na kupona, maana bibi aliyemlea alikuwa anatembea kwa kuburuta mguu.

Siku ya kuonyesha kazi akagandamiza kwenye kompyuta kipande cha nyonga aliyoichora, mbele ya darasa. Akaweka uzito wa mtu, akaweka wa ng'ombe, akaweka wa lori. Hakuna kijiti kilichopinda. Makofi yakalia, na Tunu, maskini, akaanza kuringa.

Dokta Kihwelo akakodolea macho kioo cha kompyuta, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hicho kipande umekiweka juu ya nini?"

Tunu akaangalia. Lahaula, alisahau kuweka sakafu! Kipande kilikuwa kinasukumwa tu, kinashuka chini kizima kizima bila cha kukizuia. Hakikuvunjika kwa sababu hakikugandamizwa hata kidogo.

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Aibu ilimjaa, lakini akaketi, akaweka sakafu, akagandamiza upya. Hata uzito wa mtu hakikuubeba. Vijiti vya pembeni vikapinda, vikakatika, na vingine vikafuata.

Hapo Tunu akaruka kwa furaha. Watu wakadhani amechanganyikiwa.

"Mwalimu, nimeona kinapoanzia kuvunjika," akasema. "Nipe muda kidogo nivinenepeshe vile vya pembeni."

"Vinenepeshe ukiwa kwenye kikundi," akajibu Dokta Kihwelo. "Nafasi ni yako. Anayefurahi kuuona udhaifu wa kazi yake hapa, nyonga yake haitamvunjikia mgonjwa kule hospitalini."

Tunu alilia na kucheka kwa pamoja. Na wale waliokuwa wanashika mbavu? Walirudi kimya kimya kwenye kompyuta zao, kila mmoja akichungulia kama yeye aliweka sakafu.

Funzo: Usiseme mzigo haukuvunji kama hujawahi kuubeba.