Yai la Bi Kwale Lakataa Kuzama

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege na watambaazi wakiwa bado wanapigiana hodi, palikuwa na Bi Kwale, bibi aliyechoka. Alichoka kutaga, akachoka kuatamia, na zaidi ya yote alimchoka Bwana Kenge.

Kenge huyo alikuwa na mwili mkubwa na adabu ndogo. Kila Bi Kwale akitaga, alikuja kula. Ila yai viza liliwahi kumsumbua tumbo, ndiyo maana akadai kwanza aletewe chungu cha maji. Yai likizama, chubwi! ni zima, analimeza. Likielea ni viza, anamwachia mwenyewe. Miaka ikapita, Bi Kwale hana hata kifaranga mmoja wa kumfukuza uani.

Safari hii alitaga mayai manne, na uzee ukamwambia hakuna mengine.

Asubuhi alikwenda kuosha moja lililopakaa matope. Kwa uchovu akakosea chungu, akalitumbukiza kwenye maji ya chumvi nyingi aliyoyaweka ya kulowekea kumbikumbi kabla ya kuwaanika. Yai likaelea. Bi Kwale akakodoa macho. Yai la jana tu, liwe viza? Akalitia kwenye maji ya kisima: chubwi, likazama. Akaketi chini, akacheka kidogo, kicheko alichokuwa amekisahau.

Kenge hakukawia. Akaletewa chungu kile cha chumvi, akatia yai la kwanza, la pili, hadi la nne. Yote yakaelea.

"Yote viza?" akauliza.

"Nimezeeka, bwana," akajibu Bi Kwale, na hapo hakusema uongo. "Mzee hutaga nini tena?"

Kenge akasonya. Jua lilikuwa kali. Akatoa ulimi wake mrefu, akauelekeza chunguni apoze koo. Moyo wa Bi Kwale ukapiga pa! Akionja tu chumvi, mayai yamekwenda.

"Kunywa, bwana mkubwa," akasema taratibu. "Ila ndimo yalimoogea mayai viza. Tumbo lako unalijua mwenyewe."

Ulimi ukarudi mdomoni, fyu! Kenge akaondoka akiapa hatakanyaga tena kwa kikongwe huyu.

Bi Kwale akayasuuza mayai yake, akayarudisha kiotani, akayalalia. Alikuwa amechoka vilevile. Lakini tangu siku ile alilala usingizi, na siku ya siku vifaranga wanne ndio waliokuja kumwamsha.

Mnyonge akichoka kulia huanza kufikiri. Hapo mwenye nguvu na ajihadhari.