Jina la Binti wa Righa

Sogeeni, mnisaidie kukata shauri. Palikuwa na wanawake watatu. Mshai alijaliwa subira. Shangazi Saru alijaliwa msimamo. Akisema hapana, ni hapana. Jirani yao Mkawasi alijaliwa jicho lisilopitwa na kitu.

Righa, kaka yake Mshai, alikuwa seremala. Siku moja aliteleza juu ya paa, akaangukia kichwa. Alipozinduka siku ya kumi na moja, mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yamempotea. Alimwita mkewe mjamzito "nyundo", akajua amekosea, akalia.

Mshai alikaa naye kila asubuhi. Aliinua kikombe, akangoja kitajwe, hata chai ikapoa. Hakumtajia neno kamwe; alimwacha alitafute mwenyewe.

Shangazi Saru alikataa kumlisha. "Mkono unao. Tumia huohuo." Miezi miwili Righa alimwaga uji, akimchukia shangazi yake kwa moyo wote. Kisha asubuhi moja akafunga vifungo vya shati peke yake.

Mkawasi ndiye aliyegundua kwamba kila mlo chakula kilibaki upande wa kulia wa sahani. "Huyu hajashiba. Upande huo haupo machoni pake." Akawa anamtembeza kando ya barabara, akimgusa bega: "Geuka kulia!" Siku moja alimvuta shati, lori likapita.

Ikafika siku ya kupimwa hospitali. Fomu ya daktari ilikuwa na mambo matatu: kusema, kujihudumia, kutembea salama. Akishindwa hata moja, angeandikwa mtu wa kuangaliwa mchana kutwa, na nafasi yake karakanani ingekwenda kwa mwingine.

Daktari aliinua picha. Righa aliijua, lakini jina halikuja. Daktari akatazama fomu.

"Sa... saa!"

Kifungo cha mwisho kilimponyoka mara tatu. Mara ya nne kikaingia.

Wakatoka getini. "Vuka," daktari akasema. Safari hii hakuna aliyemgusa bega. Righa aliinua mguu, akasita, akageuka kulia. Pikipiki ikapita kasi mbele yake. Akavuka.

"Kusoma bado kunakuwia vigumu, na utachoka upesi," daktari alisema. "Lakini unajitegemea."

Keshokutwa yake mkewe akajifungua binti. "Mpe jina la aliyekurudisha kwetu," akamwambia.

Wale watatu walikuwepo.

"Bila mimi, ungemwita mwanao kwa kinywa gani?" Mshai akauliza.

"Bila mimi, ungempakata kwa mkono gani?" Shangazi Saru akadakia.

Mkawasi akasema taratibu, "Bila mimi, ungekuwa hai umwone?"

Righa alimtazama mtoto. Safari hii maneno yote matatu alikuwa nayo ulimini, na alitakiwa kutoa moja tu. Akafungua kinywa.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: mngekuwa Righa, mngetamka jina la nani?