Mtaa Uliofungua Milango

Enyi waungwana mliokusanyika, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa adabu zenu, niazimeni masikio kwa kitambo kifupi. Kisa hiki nilipewa ili nikipokeze. Nanyi mkishakisikia, mpokezeni na mwingine.

Palikuwa na mji wa milimani uliotawaliwa na mfalme mpenda watu wake. Kikaingia kikohozi kikali, watoto wakaanza kufa. Mfalme akamwita mtafiti aitwaye Shemweta, akamtaka aeleze maradhi yale yalianzia wapi.

Shemweta alikuwa bingwa wa takwimu za vinasaba. Alijua kwamba kimelea cha maradhi kila kinapozaana hubadilika kidogo, na kwamba anayeyalinganisha mabadiliko hayo kwa hesabu aweza kuchora mti wa nasaba, akaona kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Alichohitaji ni makohozi ya wagonjwa.

Akabisha hodi mji mzima. Wakazi wa mtaa wa matajiri walimfungia milango kwa kuhofia aibu. Ikulu ilimjibu kwamba humo hamna mgonjwa. Ni mtaa wa wafinyanzi tu uliomkaribisha, na wa kwanza kumfungulia alikuwa Bi Zawena, mwanamke mtu mzima mwenye ulimi mwepesi.

"Mwanangu," alimwambia, "yaani umesoma mpaka macho yameingia ndani, uje kuniomba makohozi?"

Shemweta akacheka, akamweleza kwamba huenda yakawaokoa wajukuu zake. Bi Zawena akatema katika kichupa, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwashawishi majirani nao watoe.

Mti ulipochorwa, shina lake likaangukia mtaa wa wafinyanzi. Lisingeweza kuangukia kwingine, kwa kuwa hapakuwa na sampuli za kwingine. Shemweta alilijua hilo, na aliingia ikulu akiwa amekusudia kulisema. Lakini mfalme alikuwa ametoka mazikoni, na hakuwa na subira ya maelezo.

"Nitajie mtaa."

"Wafinyanzi, Mtukufu."

Mfalme akainuka. Shemweta alikuwa na neno la kuongeza, akalimeza.

Kesho yake wafinyanzi walifukuzwa, wakavushwa mto hadi nyikani, mvua ikiwanyeshea.

Kikohozi hakikukoma. Mwishowe kikamwangusha mwana wa mfalme, na hapo ndipo ikulu ilipotoa makohozi kwa mara ya kwanza, ya mtoto na ya watumishi pia. Shemweta akauchora mti upya, na shina likahama. Vimelea vya ikulu ndivyo vilivyotangulia. Vile vya wafinyanzi vilikuwa kitawi tu kilichochipuka kutoka kwavyo. Waliambukizwa walipopeleka vyungu katika jiko la mfalme.

Mfalme alilia. Akamtuma Shemweta akawarudishe wafinyanzi mjini, tena awaombe sampuli nyingine, kwa maana kimelea kilikuwa kinabadilika na dawa waliyokuwa wakipewa wagonjwa ilianza kushindwa.

Shemweta alimkuta Bi Zawena kule nyikani, kando ya makaburi mawili madogo. Akamweleza yote, hata lile neno alilolimeza. Bibi yule alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Ila makohozi hupati. Waliokukatalia wamelala majumbani mwao. Mimi niliyekubali nimezika wajukuu huku. Nikikupa tena, nitawaambia nini hawa waliobaki?"

Shemweta akakirudisha kichupa kitupu mfukoni, akavuka mto peke yake.

Msimu uliofuata kikohozi kilirudi na sura mpya. Hapakuwa na mtu, mjini wala ng'ambo ya mto, aliyekubali kutema katika kichupa. Bingwa wa takwimu akaketi na elimu yake yote, akiyasikia mazishi yakipita barabarani, asiwe na kitu cha kuhesabu.

Funzo: Anayemwadhibu mtu kwa kuwa yeye pekee ndiye aliyekubali kusema huufunza mji mzima kunyamaza, na mjuzi anayeficha mpaka wa ujuzi wake ni mshirika katika adhabu hiyo.

Aliyenisimulia kwanza ni Ustadhi Faki Mwinyikombo.