Kuta za Ndani ya Tangi

Wapendwa, hili la leo sikuletewa na upepo. Nilikuwapo! Tena nilisimama mbele kuliko wote, mpaka mhandisi akaniomba nisogee, namzibia mwanga.

Kulikuwa na baba mmoja, msimamizi wa tangi la maji huko milimani. Kazi yake ilikuwa kutia klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, kabla maji hayajashuka majumbani. Alilipenda tangi lile kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa. Alilisugua, akalipaka rangi, akalisemesha. Ila alikuwa na mwiba moyoni: mkewe hakunywa maji yake bila kuyachemsha.

"Mama Namsifu, unaniaibisha. Watu wakiona moshi wanasema hata mke wa mwenye maji hayaamini."

"Moshi hauharishi, Baba Namsifu," mama akajibu, akachochea kuni.

Na kweli, watoto wa kijiji kizima walikuwa wanagombea choo. Baba akaongeza dawa. Chai ikanuka kama nguo zilizofuliwa, lakini matumbo hayakusikia. Ndipo kamati ikamwita mhandisi.

Akaja binti, kompyuta begani. Akapima tangi, akalichora ndani ya kompyuta, kisha akayaachia maji mle mle, maji ya picha tu, yenye rangi. Baba akainama kutazama. Akaona uzi mwekundu unaingia, unanyooka moja kwa moja hadi tundu la kutokea.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Ni maji yako, baba. Mengine yamelala kwenye kona. Haya mekundu yanapiga hodi na kuaga papo hapo. Dawa ipo, tena nyingi, lakini lazima ikae na kijidudu ndipo imuue. Haya hayakai."

"Kumbe ni kama shemeji zangu! 'Tunapita tu, tunapita tu,' hata chai hawanywi."

Binti akacheka. "Ndio hao. Sasa niambie, baba, sakafuni nimeona alama za saruji. Palikuwa na nini?"

Baba akajikuna shingo. "Kuta. Zilikuwa zinayazungusha maji huku na huku kama nyoka. Watu wakalalamika yanachelewa. Nikazivunja kwa nyundo yangu mwenyewe. Nilipigiwa makofi siku ile!"

"Baba yangu," binti akasema taratibu, "kuyachelewesha ndiyo ilikuwa kazi yake."

Akazichora upya kuta mle kompyutani. Ule uzi ukajipinda, ukapita kila upande, ukatoka umekuwa bluu, rangi ya maji yaliyokaa na dawa. Baba akainuka papo hapo. Alikwenda kutafuta saruji. Na kuta zilipokamilika, mama akakinga glasi bombani mbele ya watu wote, akanywa mpaka tone la mwisho.

Je, sisi? Kila asubuhi tunaomba nini? "Bwana, niondolee vikwazo." Mama mgonjwa anataka kugeuzwa kitandani, nawe una safari: kikwazo. Mke anauliza umetoka wapi: kikwazo. Mahubiri marefu... wewe unayetazama saa, nakuona! Tunashika nyundo, tunabomoa, tunapigiwa makofi. Halafu tunaingia kanisani kwa mlango huu na kutokea ule, na vijidudu vyetu vizima: kinyongo kilekile, uongo uleule. Kisha tunasema Neno limeisha nguvu! Limeisha nguvu, au hatukukaa nalo? Ndugu yangu, hicho kinachokuchelewesha, kabla hujakipiga nyundo, kiulize kwanza kimewekwa na nani.

Na msiinuke bado. Ile ya mama kunywa bombani nimeitia mwenyewe, niliona inapendeza. Kweli yenyewe ni kwamba kuta zimesimama, watoto wamepona, na mama bado anachemsha. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Tangi nimeliamini. Aliyeshika nyundo ndiye bado namtazama."

Na yule baba, wapendwa, ndiye anayempasulia kuni.